Jinsi ya kujaza ghala la makombora: mwongozo kamili wa mikataba mirefu na viwanda

Tuseme leo umepewa kiti kwenye idara ya manunuzi ya wizara ya ulinzi, nchi yoyote ile, na bosi anakwambia nataka ghala lijae makombora ya mizinga ya milimita 155 ndani ya mwaka mmoja. Kitu cha kwanza cha kumjibu, kwa heshima zote, ni kwamba mzee hiyo haiwezekani, alafu umuoneshe kwa nini. Ulaya walijaribu. Machi 2023 nchi za Umoja wa Ulaya ziliahidi kuipa Ukraine makombora milioni moja ndani ya miezi 12, hela ipo, nia ipo, viwanda vyenye majina makubwa vipo, na Machi 2024 ilipofika walikuwa wamevuka nusu kidogo tu. Milioni yenyewe ilikuja kutimia mwishoni mwa 2024. Sasa kama matajiri wale walikwama, we na tenda yako moja ya tangazo la gazetini utafika wapi?

Shida inaanzia hapa: watu wanadhani kombora ni kama gunia la mchele, unaenda sokoni na hela yako unabeba unaondoka. Kombora la 155 lina kama kilo 45, na kwa haraka haraka lina mambo manne, ganda la chuma, vilipuzi vya ndani, fyuzi ya puani inayolilipua, na baruti ya nyuma ya kulisukuma litoke kwenye mtutu. Kila kimoja kina kiwanda chake. Marekani kwa mfano ganda linafuliwa Scranton, Pennsylvania, kwenye majengo ya zamani yaliyokuwa karakana za reli, alafu linasafirishwa mpaka Iowa kujazwa vilipuzi, na vilipuzi vyenyewe vimetoka Holston kule Tennessee, na baruti inatoka Radford, Virginia. Kwa iyo ukisema umenunua kombora umenunua foleni nzima ya viwanda, na kimoja kikisimama wengine wote wanakaa wanatazamana.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: anza na siku, bajeti baadaye

Wengi wanaanza na hela iliyopo, wanagawanya kwa bei ya kombora, wanapata idadi, basi wameridhika. Hapana. Anza na swali hili: vita ikianza leo, nitapiga makombora mangapi kwa siku, na itachukua siku ngapi mpaka kiwanda kianze kuniletea mengine? Hilo la pili ndo linasahaulika. Februari 2023 katibu mkuu wa NATO wa wakati ule, Jens Stoltenberg, alisema muda wa kusubiri risasi za kaliba kubwa (kaliba ni upana wa mtutu) umetoka miezi 12 ukafika miezi 28. Yani unaagiza leo, mtoto wako anajifunza kutembea na kuongea, ndo mzigo unafika.

Mfano wa karatasi tu: una mizinga 24, kila mmoja unapiga makombora 60 kwa siku, hiyo ni 1,440 kwa siku, mwezi mzima ni 43,200. Ghalani una 10,000. Una wiki moja. Na kiwanda chako kinasema tunaweza kuanza kuleta baada ya miezi 18. Kati ya wiki moja na miezi 18 kuna shimo ambalo hakuna hotuba itakayolifukia.

Ukishaliona hilo shimo unagundua kuna vitu viwili tu unavyoweza kununua, makombora yenyewe au muda. Makombora unayaweka ghalani. Muda unaununua kwa kuilipa laini ya kiwanda iendelee kuzunguka taratibu wakati wa amani, ili siku ya shida iongeze kasi na isianze kutafuta funguo za geti. Mwongozo wote huu ni namna ya kuchanganya hivyo viwili.

Hatua ya 2: ghala kwanza, oda baadaye

Sisi wa Dar hili hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la jeshi Mbagala lililipuka, na 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, kila mara watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na usiku ule wa Gongo la Mboto maelfu walikimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakwenda wapi. Kwa iyo mtu akikuletea mpango wa kununua makombora laki moja na hana ukurasa hata mmoja wa mahali pa kuyalaza, mrudishie karatasi zake.

Kitu kinachoua ni joto na uzee. Ndani ya baruti kuna kemikali ya kuituliza, na ile kemikali inaisha polepole kila mwaka, na kwenye joto letu la pwani inaisha haraka kuliko kwenye baridi la Norway. Ikiisha, baruti inaweza kuanza kujichemsha yenyewe bila mtu kuigusa. Dawa yake inajulikana: kila lot, yani mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ina namba, kila lot inachukuliwa sampuli na kupimwa maabara kwa ratiba, iliyochoka inatolewa mapema. Umoja wa Mataifa una miongozo yake ya kiufundi kuhusu utunzaji wa risasi, inaitwa IATG, inapatikana bure, inaeleza umbali kati ya ghala na ghala, umbali na makazi, na aina gani isilale chumba kimoja na aina gani.

Alafu kitu ambacho wahandisi hawakisemi sana: nunua na eneo la kuzunguka ghala, lipimwe, liwe na hati. Ghala linajengwa porini leo, miaka 20 mbele kuna stendi ya daladala na baa mbili ukutani.

Hatua ya 3: fuata mnyororo mpaka shambani

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo inayorukwa na wengi. Mwenye kiwanda atakwambia ndugu nina uwezo wa kufyatua maganda 10,000 kwa mwezi. Usiishie hapo. Muulize vilipuzi unatoa wapi? Na yule wa vilipuzi muulize kemikali unatoa wapi? Endelea mpaka ufike kwa mtu anayechimba au anayelima.

Unaweza kucheka ila ni kweli kwamba ukifuata baruti ya mizinga utaishia kwenye pamba. Baruti inatengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi inatoka kwenye manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambua. Muuzaji mkubwa wa hayo manyoya kwa viwanda vya Ulaya amekuwa China. Yani nchi za NATO zinajaza maghala huku malighafi inatoka kwa mtu ambaye siku moja anaweza kufunga mlango.

TNT, kilipuzi cha kujaza ndani ya ganda, nayo ina kisa chake. Marekani, nchi yenye jeshi la bajeti kubwa kuliko wote duniani, iliacha kutengeneza TNT yake mwenyewe mwaka 1986, ikawa inanunua nje, na kiwanda cha Nitro-Chem kule Bydgoszcz, Poland, kikawa tegemeo kubwa. Novemba 2024 ndo jeshi lao likatoa mkataba wa dola milioni 435 kujenga kiwanda kipya cha TNT kule Graham, Kentucky. Miaka 38 bila, alafu unalipa milioni mia nne kurudi ulipokuwa. Na mwaka 2021 kiwanda kilichokuwa kinawatengenezea baruti nyeusi, pale Minden, Louisiana, kilipata mlipuko na baadae mwenye nacho akaamua kukifunga, mpaka akapatikana mnunuzi mwingine wa kukifufua. Baruti nyeusi inatumika kidogo kidogo tu, kwenye viwashio, lakini bila kiwashio una chuma kizito tu.

Hata umeme usiuache. Kampuni ya Nammo ya Norway ilitaka kupanua kiwanda mwaka 2023 ikaambiwa umeme wa ziada wa eneo lile umeshakwenda kwenye kituo kipya cha data ambacho mteja wake mkubwa ni TikTok. Bosi wa Nammo akalalamika hadharani kwamba video za paka zinamzuia kutengeneza makombora. Huo ndo ulimwengu tunaoishi.

Cha kufanya kwa vitendo: tengeneza jedwali moja, kila kijenzi mstari wake, na maswali matatu, nani mwingine anatengeneza, inatoka nchi gani, na ikikatika inachukua miezi mingapi kupata mbadala. Mistari yenye jibu la "hamna mwingine" ipake rangi nyekundu, na hela yako ya kwanza iende hapo kabla haijaenda kwenye makombora. Umoja wa Ulaya walilijua hili baada ya kuumia: mfuko wao wa euro milioni 500 wa kuongeza uzalishaji, ule unaoitwa ASAP, ulipogawanywa Machi 2024 karibu robo tatu yake ilikwenda kwenye baruti na vilipuzi, na maganda wakayapa kidogo. Na kama malighafi inatunzika, nunua uiweke. Pamba haina haraka ya kuoza.

Hatua ya 4: mkataba wenyewe

Hapa ndo penye nyama kwa iyo tulia.

Jiweke kwenye nafasi ya mwenye kiwanda. Unamwambia aongeze laini mpya, anunue mashine ya kufua chuma ambayo yenyewe ikiagizwa inakuja baada ya mwaka na zaidi, aajiri watu 200 awafundishe. Alafu unampa oda ya mwaka mmoja. Mwakani bunge likibadili mawazo anabaki na mashine na mkopo wa benki. Hata mimi ningekataa. Na wameshaona hii filamu mara nyingi, vita inaisha, oda zinakauka, laini inafungwa. Kwa iyo wanapokupa bei ya juu sio uroho peke yake (uroho upo, tusidanganyane), wanajikatia bima wenyewe kwa sababu we hujawapa.

Angalia Wajerumani walichofanya. Februari 2024 kampuni yao ya silaha, Rheinmetall, ilianza kujenga kiwanda kipya cha makombora pale Unterlüß, Juni mwaka huo ikapata mkataba wa jumla wa jeshi la Ujerumani unaoweza kufika euro bilioni 8.5, na Agosti 2025 kiwanda kikafunguliwa, kikiwa na lengo la kufika makombora 350,000 kwa mwaka ifikapo 2027. Kampuni iliweza kutanguliza hela yake kwenye ujenzi kwa sababu iliona mteja yupo miaka mingi mbele. Na bado pamoja na haraka yote hiyo, mwaka wa kwanza walipanga makombora kama 25,000 tu. Kiwanda kipya kinapanda ngazi kama mtoto.

Mkataba wako uwe na mambo haya, na usikubali mwanasheria akakwambia tutaweka kwenye nyongeza baadae:

Kwanza kiwango cha chini cha kununua kila mwaka kwa miaka mitano mpaka saba. Kiwango cha chini, kile ambacho hata mwaka wa njaa utakilipa. Juu yake weka nafasi ya kuongeza, kwa mfano mara mbili au mara tatu, kwa bei ambayo mmekubaliana tayari, ili siku ya dharura usianze kubishana bei na mtu aliyekushika shati. Hapa sio nadharia, Oktoba 2023 Admirali Rob Bauer wa NATO alisema kombora moja limetoka euro 2,000 likafika 8,000. Waliokuwa na bei kwenye karatasi walilala usingizi.

Pili, bei isiwe namba moja ya kudumu miaka saba, mtamuua muuzaji au atawakimbia. Iwe kanuni inayofuata bei ya chuma, shaba, nishati na mishahara, na itajwe kipimo cha nje ambacho hakuna mmoja wenu anaweza kukichezea. Na uwe na haki ya kufungua vitabu vya gharama. Kama muuzaji ni mmoja tu nchini, hiyo haki ya kufungua vitabu ndo ushindani pekee ulio nao.

Tatu, malipo ya awali kwa vitu vinavyochelewa kufika. Fyuzi, chuma maalum, kemikali. Marekani mikataba yao ya miaka mingi inaruhusu kununua vijenzi vya miaka kadhaa kwa mkupuo mmoja, na punguzo kubwa linatoka hapo. Juni 2024 walifunga mkataba wa namna hiyo wa dola bilioni 4.5 kwa makombora 870 ya kuzuia mashambulizi ya angani, yale ya PAC-3 MSE. Lakini malipo ya awali yafungwe kwenye kitu kinachoonekana, mashine imefika, imefungwa, imejaribiwa. Hela isitoke kwa sababu tu mwaka wa fedha unaisha.

Nne, fidia ya kuvunja mkataba, iandikwe kabisa kwa namba na ipungue kila mwaka. Kuna watu wizara ya fedha wataichukia hiyo. Acha waichukie, hiyo ndo inayomfanya mwenye kiwanda akope benki kwa riba nafuu.

Tano, foleni. Mwaka 2023 Josep Borrell wa Umoja wa Ulaya alieleza kwamba kama asilimia 40 ya uzalishaji wa viwanda vya Ulaya ilikuwa inakwenda kwa wateja wengine nje, na viwanda havikufanya kosa, walikuwa na mikataba halali. Kwa iyo andika mapema: ikitokea hali fulani, oda yangu inaruka mbele, na fidia ya mteja aliyesogezwa nalipa mimi. Bila sentensi hiyo utabaki kupiga simu za kubembeleza.

Hatua ya 5: kiwanda ni cha nani

Kuna njia tatu, serikali imiliki na iendeshe, kampuni imiliki na iendeshe, au serikali imiliki majengo na mashine kampuni iendeshe. Mimi niko na hiyo ya tatu kwa vitu hatari na visivyo na soko la kiraia. Scranton, Holston, Radford na Iowa zote ziko hivyo, mali ya jeshi, uendeshaji wa kampuni kwa mkataba unaoshindaniwa. Mwendeshaji akizingua unambadilisha na mashine zinabaki. Ubaya wake ni kwamba mashine zisizo za mwendeshaji zinazeeka, kwa sababu yeye hana sababu ya kuweka hela kwenye nyumba ya kupanga, kwa iyo fungu la ukarabati liwe la kila mwaka na lisiguswe.

Kwa risasi ndogo za bunduki mambo ni rahisi zaidi kwa sababu kuna raia wanaonunua. Kiwanda cha Lake City kule Missouri ni cha jeshi la Marekani lakini mwendeshaji anaruhusiwa kuuza ziada kwenye soko la kiraia, hivyo laini inakuwa ya moto hata jeshi likiwa halina oda kubwa. Kwa hapa kwetu na majirani, kiwanda cha Mzinga pale Morogoro na kiwanda cha risasi cha Kenya pale Eldoret, swali ni hilo hilo, nani ananunua wakati wa amani.

Hatua ya 6: ubora, hasa mkiwa na haraka

Uingereza mwaka 1915 waliishiwa makombora, gazeti la The Times likaanika, serikali ikatikisika, David Lloyd George akapewa wizara mpya ya risasi. Uzalishaji ukapanda vizuri sana. Kabla ya mashambulizi ya Somme mwaka 1916 walipiga makombora kama milioni moja na nusu kwa wiki moja, na mengi hayakulipuka, mpaka leo wakulima wa Ufaransa wanayafukua wakilima. Walipata idadi, ubora ukawaponyoka.

Kwa iyo mkaguzi wa jeshi akae kiwandani, alipwe na jeshi, na kila lot ipigwe majaribio kabla ya kupokelewa. Lot ikifeli irudi yote, hamna kuchagua chagua. Na hakikisha kombora lako la 155 linapigika kwenye mizinga ya aina zote ulizonazo, sio kwenye makaratasi, uwanjani, kwa sababu hata ndani ya NATO Bauer alilalamika kwamba nchi zina kiwango kimoja lakini kadhaa zinajiachia nafasi ya kukikiuka, na Waukraine ndo waliolipa kwa kurekebisha mahesabu ya mizinga kila mzigo mpya ukifika.

Na wafanyakazi. Oktoba 2025 kiwanda kingine cha vilipuzi kule Tennessee, sio kile cha Holston, kililipuka, watu 16 wakafa. Ukimbana mwenye kiwanda kwenye ratiba bila kumlipa muda wa usalama, na wewe umo.

Kama nchi yako ni ndogo

Usijenge kiwanda cha kila kitu. Nunueni pamoja na majirani, kaliba moja, mkataba mmoja, oda inakuwa kubwa ya kutosha kiwanda kukusikiliza. Nyie chagueni kipande kimoja mnachokiweza, labda kujaza na kufunga, labda sanduku na usafirishaji.

Pwani yetu ina kisa cha mtu asiye na kiwanda. Aprili 1915 meli ya Rubens iliwaletea Wajerumani wa Afrika Mashariki silaha na risasi, Waingereza wakaishambulia ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikazama kina kifupi. Mzigo ukaopolewa, risasi zimelowa, ikabidi zifumuliwe moja moja, baruti ianikwe juani, zifungwe upya. Mwaka uliofuata meli nyingine, Marie, ikaingia Sudi kule Lindi. Jeshi zima lilikuwa linategemea meli mbili na jua la Tanga.

Hatua ya mwisho: mwaka wa tatu

Kila mwaka toa ya zamani kwa mazoezi, ingiza mpya, ili kiwanda kipate oda na wanajeshi wapige kitu kizima. Hiyo haina ugumu. Ugumu ni mwaka wa tatu, mambo yametulia, mtu wa hazina anakuja na kalamu nyekundu anauliza kwa nini tunalipia laini isiyotumika sana.

Usimpe hotuba ya uzalendo. Mpe karatasi yenye safu mbili. Ya kushoto, gharama ya kuendelea na kiwango cha chini. Ya kulia, gharama ya kufunga na kufungua tena: fidia ya mkataba, mashine, mafunzo, miezi. Na umpe mfano wa Stinger, yale makombora ya begani ya kutungulia ndege. Marekani walikaa karibu miaka 18 bila kuyanunua kwa ajili ya jeshi lao wenyewe, 2022 wakataka 1,300 kwa dola milioni 624 na ushee, wakakuta baadhi ya vijenzi havitengenezwi tena popote. Raytheon, kampuni inayoyatengeneza, ikatoa mashine za majaribio stoo zikiwa na vumbi, na ikawarudisha wastaafu wenye miaka ya 70 waje wawafundishe vijana namna ya kuyaunda.

Afu muulize yule wa hazina majina ya wastaafu wetu, na kama simu zao bado zinapatikana.